Jinsi ya Kuchagua Wazo la Usanifu kwa Jedwali la Pugh

Kabla ya kukata bati au kuchomelea chuma cha kifaa kipya, mbunifu huwa na michoro kadhaa mezani, na kishawishi kikubwa ni kuuchukua ule anaoupenda mwenyewe. Stuart Pugh, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Strathclyde, Uskoti, alituachia njia ya kuilinganisha kwa haki: jedwali lenye vigezo upande mmoja na michoro upande wa pili.

Tuseme unabuni mashine ya kupukuchua mahindi. Andika kwanza vigezo vinavyotokana na watumiaji wenyewe: punje zisivunjike, mkono usichoke, vipuri vipatikane karibu, bei iwe ya kumudu. Kisha teua mashine moja inayotumika tayari iwe kipimo, na ulinganishe kila mchoro nayo, kigezo kwa kigezo: weka alama ya kujumlisha pale mchoro unapoizidi, ya kutoa unapokuwa hafifu, na sifuri vinapolingana.

Usikimbilie kuhesabu alama na kutangaza mshindi, kwa maana hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Mchoro wenye ngoma ya meno ya chuma unaweza kusifika kwa kasi lakini ukavunja punje. Chunguza basi kama meno ya mpira ya mchoro mwingine yanaweza kupachikwa kwenye ngoma hiyo. Wazo jipya linalopatikana liingize kwenye jedwali, lifanye lililo bora kuwa kipimo, kisha rudia ulinganisho. Kazi hii ifanywe na timu, fundi na mkulima wakiwemo, na sababu ya kila alama iandikwe, kwani itahitajika mfano wa kwanza utakapojaribiwa shambani.