Mafungo ya siku moja nyumbani: jinsi ya kuanza tafakuri ya Kibudha ukiwa Dodoma

Nimefanya kazi ya uuguzi katika wodi ya wazazi kwa miaka 16. Usiku mmoja, kwenye hospitali niliyokuwapo kabla ya kuhamia Dodoma, nilimfokea binti aliyekuwa kwenye uchungu wa mtoto wake wa kwanza. Hakuwa na kosa. Alikuwa analia na kumwita mama yake, na zamu ile nilikuwa peke yangu na wazazi kumi na mmoja. Asubuhi nilikaa kituoni nikaziacha daladala tatu zipite, maana nilijiona sifai kwenda nyumbani kumtazama mwanangu usoni.

Kilichonisaidia kurudi kwenye kazi yangu ni tafakuri ya Kibudha. Mara ya kwanza niliketi katika hekalu la Upanga, Dar es Salaam, lililoanzishwa na Wasinhala kutoka Sri Lanka enzi za ukoloni. Huku Dodoma kikundi chetu hakina mtawa wa kutuongoza. Tuko watu saba au wanane, tunakutana Jumamosi moja kila mwezi uani kwa mwenzetu mmoja Nkuhungu, na tunakaa kimya tangu alfajiri mpaka jioni. Wakatoliki wanalijua neno ninalolitumia: mafungo. Waislamu watakumbuka itikafu. Hapa naeleza jinsi ya kuifanya siku hiyo peke yako nyumbani, kwa sababu wengi mnaoniuliza mko Kondoa, Mpwapwa na Manyoni, na nauli ya kuja mjini kila mwezi si jambo dogo.

Swali la kwanza huwa ni la dini, na mtu ana haki ya kuliuliza. Ninachofundisha kimetoka kwenye Ubudha, sikifichi. Siddhartha Gautama, ambaye wafuasi wake walimwita Buddha, yaani aliyeamka, hakudai kuwa Mungu, na mazoezi haya hayakutaki umwombe. Mimi Jumapili niko kanisani. Katika kikundi tuna mama wa Kiislamu. Adhuhuri ikifika anatandika mswala wake, anaswali, kisha anarudi kwenye mkeka. Lakini kama dhamiri yako haitulii, usijilazimishe. Zungumza kwanza na kiongozi wako wa dini.

Hatua ya 1: Chagua siku, kisha waage watu

Juni mpaka Agosti ndiyo miezi mizuri kwetu. Alfajiri kuna baridi, utahitaji shuka begani, lakini kichwa kinakuwa chepesi. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, joto la mchana linamchosha hata mzoefu, kwa hiyo ukianza wakati huo fanya nusu siku tu.

Sasa jambo ambalo miongozo mingi iliyoandikwa kwa watu wa kwingine hailigusi. Kwetu mtu akikaa kimya kutwa, watu wanajua amenuna. Jirani akipiga hodi usimjibu, umemtukana. Mwaka wa kwanza nilijifungia chumbani bila kusema neno, na mama mkwe wangu akaamini nina ugomvi na mume wangu; ilichukua wiki nzima kuyamaliza. Kwa hiyo jioni ya kuamkia siku yenyewe, pita kwa wakubwa wa nyumba na majirani wa karibu, waambie: "Kesho nitakuwa kwenye mafungo, nitanyamaza mpaka magharibi, sina neno na mtu." Watoto wapate mtu wa kuwaangalia. Na siku yenyewe, mzee akikuamkia au wewe ukipaswa kumwamkia, fanya hivyo. Shikamoo haiharibu ukimya. Kinachouharibu ni mazungumzo yanayofuata.

Simu izime na umpe mtu mwingine akutunzie. Usijiambie utaiweka kimya tu.

Hatua ya 2: Chakula

Katika mafungo ya Kibudha, wengi hula mlo wa mwisho kabla ya jua la saa 6 mchana. Sisi tunakunywa uji saa 1 asubuhi na kula saa 5:30, ugali wa mtama na mlenda, basi. Jioni chai na tunda. Mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito na anayenyonyesha wale kama kawaida yao na kumeza dawa zao kwa wakati. Hilo nalisema kama muuguzi na silijadili.

Hatua ya 3: Mkao

Kunja blanketi au khanga tatu nne ziwe nene, kaa juu yake, miguu ikunjwe mbele kwenye mkeka. Nyonga ziwe juu kuliko magoti; hapo mgongo unasimama wenyewe bila kukazwa. Magoti yakikataa, tumia kigoda au kiti, nyayo zikae chini zote mbili. Mikono mapajani. Macho yafumbe au yatazame chini kidogo mbele yako. Mkao wa kiti haupungukiwi chochote.

Hatua ya 4: Pumzi

Anza saa 11 alfajiri, kabla bodaboda hazijachangamka. Weka kengele ya saa ya mezani kwa dakika 20.

Tafuta mahali unapoihisi pumzi waziwazi: puani, kifuani au tumboni. Kaa hapo. Usiivute wala usiirefushe. Ikiwa fupi, jua ni fupi. Ikiwa ndefu, jua ni ndefu. Maelekezo haya yamo katika mafundisho ya kale ya Kibudha juu ya pumzi, na sijaona haja ya kuyapamba.

Mgeni wa zoezi ahesabu. Hesabu mwisho wa kila pumzi inayotoka, moja mpaka tano, rudi moja. Ukizoea, mpaka kumi. Buddhaghosa, mtawa aliyeandika huko Sri Lanka katika karne ya 5, alishauri usishuke chini ya tano wala usipite kumi, maana hesabu ndogo mno inaibana akili na kubwa mno inaifanya ifuate namba ikaiacha pumzi.

Utafika tatu, mara uko sokoni Majengo unapatana bei ya nyanya. Ni lazima itokee. Neno *sati* la Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibudha, ambalo tunaliita uzingativu, asili yake ni kukumbuka. Ile nukta unayogundua kwamba umepotea, umekumbuka. Zoezi limefanyika hapo hapo. Rudi moja, bila kujisuta. Ukirudi mara mia katika dakika 20, umefanya zoezi mara mia. Nawaambia hivi wenzangu kila mwezi, kwa sababu wanaoacha wanaacha kwa sababu hii moja: walidhani wenzao vichwa vyao vimetulia.

Adhana itaingia, kengele ya kanisa itafuata, jogoo wa jirani hatakuomba ruhusa. Usipigane na sauti. Sikia inavyoanza na inavyokwisha, kisha urudi kwenye pumzi.

Hatua ya 5: Kutembea

Baada ya kukaa dakika 20, tembea dakika 20, na uendelee kubadilishana hivyo mpaka saa ya chakula. Chagua njia ya hatua 15 hadi 20 uani. Ifagie kwanza, hasa kama utatembea peku. Mbigili za Dodoma hazina huruma. Nenda na kurudi polepole: unyayo unanyanyuka, unasogea, unakanyaga. Akili ikae kwenye nyayo. Ukifika mwisho simama, vuta pumzi moja, geuka.

Wenye wasiwasi mwingi mara nyingi hutulia kwenye kutembea kabla hawajatulia kwenye kukaa. Kama ni wewe, tembea zaidi.

Hatua ya 6: Saa 8 mchana

Hapa ndipo siku inapokuwa ngumu. Umeshiba ugali, bati linalia kwa joto, upepo unaleta vumbi, kichwa kinaanguka kifuani. Wabudha wanataja vizuizi vitano vya tafakuri: tamaa, chuki, uzito na usingizi, kuhangaika, na shaka. Vyote vitano vinaweza kukutembelea mchana mmoja.

Kwa usingizi, napenda sana ushauri ambao Buddha mwenyewe alimpa mwanafunzi wake Moggallana alipomkuta anasinzia. Alimpa njia nyingi, moja baada ya nyingine: kuvuta masikio, kusugua mwili kwa mikono, kuosha macho kwa maji, kutazama pande zote, kutembea. Na vyote vikishindikana, alale, kwa ubavu wa kulia, akiwa na nia ya kuamka. Hakumkaripia. Mimi huanza na maji ya mtungini usoni, na mara nyingi yanatosha. Mtu aliyetoka zamu ya usiku simwambii apambane. Namwambia akalale saa moja.

Kosa la upande wa pili ni kujikaza. Mtawa mmoja aitwaye Sona alitembea akitafakari mpaka nyayo zikatoka damu, akakaribia kukata tamaa. Buddha alimuuliza kuhusu kinanda cha nyuzi alichokuwa akikipiga kabla ya utawa: nyuzi zikikazwa mno kinalia vizuri? Na zikilegea mno? Sisi wa Ugogoni hatuhitaji kuelezwa. Aliyewahi kumsikia marehemu Hukwe Zawose akipiga zeze anajua uzi ulivyokazwa kwa kiasi. Ukihisi taya limeuma na mabega yamepanda, legeza. Ukihisi unaota ndoto, kaza.

Hatua ya 7: Kutakia heri, kisha pole

Saa 9 jua likianza kulegea, ingia sehemu ambayo mimi niliifuata.

Anza na *metta*, kutakia heri. Sema moyoni, taratibu, ukiachia nafasi kati ya maneno: *Niwe salama. Niwe na afya. Moyo wangu utulie.* Dakika tano. Kisha mlete mtu aliyekutendea wema, aliye hai: *Uwe salama. Uwe na afya. Moyo wako utulie.* Kisha mtu usiyempenda wala usiyemchukia. Mimi humleta dada anayeniuzia mkaa. Mwisho kabisa, mtu mliyekosana naye. Usianze na aliyekuumiza kupita wote. Anza na yule wa kukukera tu. Neno likigoma kutoka, rudi kwa mfadhili wako, au rudi kwako mwenyewe. Wengi wetu tumelelewa kuona kujitakia mema ni ubinafsi, na machozi huwatoka hapo hapo mwanzoni. Yaache yatoke.

Pumzika, unywe chai. Saa 11 ingia kwenye *karuna*, huruma. Na hapa lugha yetu inatusaidia. Tuna neno pole. Tunampa aliyejikwaa, aliyefiwa, aliyebeba ndoo nzito, hata kama hatukuhusika na shida yake. Tunalisema haraka mno, huku tunapita. Zoezi ni kulisema polepole kwa mtu mmoja. Mlete mtu unayemjua mwenye maumivu. Mwone usoni. Pumzi ikitoka, mwambie moyoni: *Pole. Maumivu yako yapungue.* Usipange namna ya kumtatulia. Usimhubirie. Kaa naye tu.

Buddhaghosa anasema kila sifa ya moyo ina adui wa mbali na adui wa karibu. Adui wa mbali wa huruma ni ukatili. Huyo unamwona anakuja. Adui wa karibu ni majonzi, kwa sababu yanafanana na huruma mpaka huwezi kuyatofautisha. Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka yangu ya kwanza wodini nilidhani mimi ni mwenye huruma sana: kila mtoto aliyefariki nilikwenda naye nyumbani moyoni, nililia naye usiku, sikula. Kumbe nilikuwa nazama. Na anayezama humkanyaga aliye karibu naye. Ndiyo siri ya usiku ule niliomfokea yule binti. Ukatili wangu ulizaliwa na majonzi niliyoyaita huruma.

Utajuaje tofauti ukiwa mkekani? Sikiliza mwili. Majonzi yanabana kifua, pumzi inakuwa fupi, na wewe unakuwa ndiye mwenye msiba. Huruma inaumwa pia, lakini pumzi bado ipo na mtu mwingine bado yuko katikati. Ukiona unazama, mwache yule mtu kwa heshima, rudi kwenye nyayo na uzito wa mwili sakafuni, dakika tano. Kisha amua kama unarudi. Hakuna deni.

Usiku mmoja mwezi wa Julai nilikaa na mama aliyempoteza mtoto. Nilimshika mkono, nikahisi nyayo zangu sakafuni, nikamwambia pole mara moja tu. Nilibaki naye mpaka dada yake alipofika. Sikumkimbia, na kesho yake niliweza kurudi kazini.

Hatua ya 8: Kufungua kinywa

Saa 12 jioni malizia. Usirukie simu. Nusu saa ya kwanza msaidie mtu kazi ya nyumbani: kuchambua mchele, kuogesha mtoto. Ongea kwa sauti ya kawaida, uwaulize wao siku yao ilikwendaje kabla hujaeleza yako.

Kuanzia kesho yake, dakika 15 kila alfajiri. Baada ya miezi kadhaa, wengine hutamani kozi ya siku 10 ya vipassana, tafakuri ya kuyaona mambo yalivyo, katika mkondo wa mwalimu S. N. Goenka (1924–2013). Kozi hizo hazina ada. Zinaendeshwa kwa michango ya waliozimaliza kabla yako. Jiandae: kengele ni saa 10 alfajiri, ni kukaa jumla ya karibu saa kumi kila siku, kimya, bila simu, kitabu wala kalamu. Uganda nako kuna kituo cha Kibudha alichokianzisha mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, mwaka 2005.

Anayetibiwa ugonjwa wa akili, au aliyepatwa na jambo zito hivi karibuni, asianze na siku 10, na hata hii siku moja aizungumze kwanza na anayemtibu. Ukimya mrefu hufukua vitu. Mmoja wetu alifukuliwa kitu cha utotoni saa 9 mchana. Tulisimamisha mafungo, tukaketi naye chini ya mwarobaini, tukamchemshia chai, na mwezi uliofuata alikuja kwa nusu siku tu. Mpaka leo anakuja nusu siku, na nafasi yake kwenye mkeka tunaiacha wazi mchana wote.