Kumtambua kipepeo kutokana na kiwavi wake, kwa vinasaba

Kiwavi mdogo wa kipepeo Papilio demodocus kwenye mlimau hufanana na kinyesi cha ndege. Akikua, huwa wa kijani. Kila akijichuna, yaani akivua ngozi ya zamani, hubadilika sura. DNA yake haibadiliki, toka yai hadi kipepeo, ndiyo tunayoisoma.

1. Piga picha kwanza: mgongo, ubavu, kichwa. Andika mahali, tarehe na mti anaokula. Mti usiuache! Kule Guanacaste, Costa Rica, kipepeo Astraptes fulgerator alihesabiwa spishi moja kwa miaka mingi. Mwaka 2004, DNA ikilinganishwa na rangi za viwavi na mimea yao, zikatajwa spishi kumi.

2. Ukipata kadhaa pamoja, chukua mmoja wa sampuli, wengine uwafuge mpaka watoke na mabawa.

3. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kata mguu mmoja mnene wa tumboni au kipande cha ngozi. Utumbo uache: umejaa majani, na vimeng'enya vyake huozesha DNA. Tia kwenye ethanoli ya asilimia 95, si spiriti ya rangi ya dukani, kisha friza. Kibanio kifutwe na kuchomwa motoni kabla ya kugusa kiwavi mwingine.

4. Maabara itatoa DNA na kuzidisha kwa PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) sehemu ya jeni ya COI ya mitokondria, vijisehemu vya seli vyenye DNA yao wenyewe, herufi za DNA kama 658, kisha kuzisoma. Kwa vipepeo, omba praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) LepF1 na LepR1.

5. Bandika herufi hizo kwenye BOLD, hifadhidata ya mtandaoni ya DNA za spishi zinazojulikana; itakupa orodha ya majina yanayolingana. Usiridhike na jina la juu. Tazama na la pili limeachana nalo kiasi gani.

MASWALI

Mwalimu, sampuli yangu imeleta jina la nyigu! Nimechanganya chupa?
Si lazima. Huenda kiwavi alitagiwa na nyigu, funza wakawa ndani. Hifadhi matokeo hayo, umempata adui wake. Rudia kwa ngozi tupu.

Siwezi kutumia ganda alilojichuna, nisimuue?
Unaweza kujaribu likiwa bichi, ila DNA yake ni kidogo na hukatika.

Hakuna anayelingana naye kabisa. Ni spishi mpya?
Polepole, ndugu. Labda hakuna aliyewahi kuiweka DNA ya spishi hiyo kwenye BOLD. Wale uliowafuga wameshatoka?