Kufundisha akwaponiki kwenye nchi ya mawe: anza na ndimu, samaki baadaye

Mwaka wa kwanza tuliwahi samaki. Wanafunzi wa kidato cha tatu walileta perege kumi, tukawatia kwenye pipa la maji ya kisima, na kabla ya wiki kwisha tuliwafukia wote nyuma ya darasa. Tangu hapo akwaponiki, yaani kufuga samaki na kuotesha mboga kwa maji yaleyale yanayozunguka, naifundisha kwa mpango huu.

Hatua ya 1: Ndimu na kokoto

Nafundisha upande wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwenye uwanda, ambako jembe likigusa chini linagonga jiwe la matumbawe. Mpe kila mwanafunzi kokoto moja na kipande cha ndimu. Akikamulia, jiwe litatoa povu: asidi inakula kalisi kaboneti na kutoa kaboni dayoksaidi. Kisha pimeni pH ya maji ya kisima (kadiri pH inavyopanda, asidi hupungua). Yetu ni 8 na kitu, kwa kuwa maji yamepita kwenye jiwe hilohilo.

Usiipite hatua hii mbio. Samaki hutoa amonia, nyingi kupitia matamvua. pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, ile sehemu ya amonia iliyo sumu kwa samaki huongezeka karibu mara kumi. Perege wetu hawakuwa na bahati mbaya. Walikuwa ndani ya hesabu hiyo.

Hatua ya 2: Pipa bila samaki

Pipa la lita 200, juu yake beseni pana lililotobolewa, na pampu ndogo ya kupandisha maji. Beseni lijazeni vigae vya vyungu, si kokoto zetu. Sababu wanafunzi wameshaiona. Maji ya bomba yenye klorini yakae wazi siku nzima kwanza. Funika pipa, mwani usiote.

Funga gramu 10 za dagaa wakavu wasio na chumvi kwenye kitambaa, uwatumbukize waoze na kutoa amonia badala ya samaki. Kabla ya kupima, wanafunzi wapige hesabu: protini ni karibu gramu 6, na 16% ya protini ni naitrojeni, yaani gramu 0.96. Igawe kwa lita 200, unapata miligramu 4.8 kwa lita. Kipimo cha amonia, kikisomwa kama naitrojeni, hakitarajiwi kuvuka hapo. Kikivuka, tafuteni kosa.

Hatua ya 3: Grafu ukutani

Kila baada ya siku tatu pimeni amonia, nitriti na nitrati kwa vipimo vya rangi, mchore mistari mitatu. Amonia hupanda, kisha hushuka huku nitriti ikipanda, halafu nitriti nayo huanguka na kuiachia nitrati nafasi. Kwa kawaida ni wiki nne hadi sita. Bakteria waitwao Nitrosomonas hugeuza amonia kuwa nitriti. Wengine, Nitrospira, huimalizia kuwa nitrati, chakula cha mboga.

Wiki ya tatu watoto huchoka, maana pipani hakuna kinachotembea. Waambie kila mmoja aandike kipimo kijacho anachokitarajia na atoe sababu. Kwangu hapo ndipo somo lilipo.

Hatua ya 4: Perege wanne na mchicha

Amonia na nitriti zikisoma sifuri, tieni samaki wadogo wanne, na miche kwenye vigae. Umeme ukikatika, wanafunzi wachote maji kwa kopo na kuyamimina kutoka juu, kwa zamu: samaki, bakteria na mizizi wote wanavuta oksijeni ileile. Majani machanga yakiwa ya manjano na mishipa ya kijani, mmea umekosa chuma. pH ya juu hukifungia chuma, mizizi isikipate.

Hatua ya 5: Jiwe larudi

Bakteria wanapogeuza amonia hutoa asidi, hivyo pH hushuka taratibu. Kwa maji yetu huchukua miezi. Ikifika chini ya 6.5, uliza: tutaipandishaje? Usijibu. Subiri mpaka mmoja akumbuke ndimu, aende nje, arudi na konzi ya kokoto, aifunge kwenye wavu na kuining'iniza pipani.