Kuandaa somo la pamoja kati ya idara tatu

Mtaalamu wa kukuza ufundishaji asianze na mada. Aanze na tatizo ambalo hakuna idara inayoweza kulimaliza peke yake. Kwa Dodoma, chukua maji: mji unategemea sana visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na mvua huja kati ya Desemba na Aprili tu.

Waite wahadhiri wa jiolojia, uchumi na sosholojia kwa saa mbili. Kila mmoja aandike sentensi moja: mwishoni mwanafunzi ataweza kufanya nini? Kataa "ataelewa", maana kuelewa hakupimiki. Dai "atakadiria" au "atalinganisha". Tungeni kazi ya kupima kwanza, mihadhara baadaye.

Vikundi viwe vya wanafunzi wanne au watano, wa fani zote tatu.

Panapoharibika zaidi ni kwenye usahihishaji. Mwanajiolojia anataka takwimu, mwanasosholojia anataka hoja, na kazi ile ile inapata 72 huku, 48 kule. Tengenezeni jedwali moja la vigezo vinne au vitano. Kisha kila mhadhiri asahihishe peke yake kazi zile zile tano za majaribio. Alama zikipishana kwa zaidi ya 10, jadilini kigezo, si mwanafunzi. Msiruke hatua hii hata muhula ukibana. Ndiyo inayomlinda mwanafunzi.

Wiki ya nne, wagawieni karatasi zisizo na jina: nini kinakusaidia, nini kinakukwamisha? Wajibuni darasani ndani ya wiki moja, la sivyo safari ijayo watarudisha karatasi tupu.