Gemu ya Baldur's Gate 3: usichanganye klasi kabla ya levo 5

Wadau, kuchanganya klasi (aina za mhusika, kama mpiganaji au mchawi) ni kutamu ila msikimbilie. Kama unacheza Faita (mpiganaji) kaa naye mpaka levo 5 upate shambulio la pili kila zamu, hapo ndo uanze kuonja klasi nyingine, maana gemu inaishia levo 12 na kila levo unayopeleka kwingine huku inapungua, ukigawa 6 kwa 6 lile shambulio la tatu la levo 11 ndo basi tena. Ila mchawi akichukua levo 2 tu za Faita, aisee, anapata kitendo cha ziada anarusha mipira miwili ya moto zamu moja! Mchanganyiko ukigoma mcheki Withers, mhusika wa gemu anayekaa kambini kwako, kwa vipande 100 vya dhahabu anakupangia klasi upya.