Somo: Kumuuguza mgonjwa wa moyo nyumbani, kuanzia siku anayoruhusiwa

Mbukwenyi ndugu zangu. Mlioomba somo la mgonjwa wa moyo, leo nimekaa nikaliandika. Nimefanya kazi wodi za watu wazima hapa Dodoma miaka mingi. Kinachoniuma kuliko vyote ni mgonjwa tuliyemruhusu akitembea kwa miguu yake, halafu wiki tatu baadaye analetwa amebebwa, kavimba mpaka tumboni, hawezi kumaliza sentensi bila kuhema. Mara nyingi dawa alizopewa zilikuwa sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba yule binti au mjukuu anayelala naye chumba kimoja hakuna aliyekaa naye akamwelekeza. Somo hili ni la huyo.

Nazungumzia hasa mgonjwa ambaye moyo wake umechoka kusukuma damu, yule mnayeambiwa "moyo umetanuka". Wengi wamefikishwa hapo na presha iliyokaa miaka bila kutibiwa. Wengine valvu za moyo, vile vilango vya kupitishia damu, ziliharibiwa na homa iliyofuata maumivu ya koo wakiwa watoto. Wengine ni akina mama waliotoka kujifungua.

Kwanza mjue maji yanatoka wapi, maana ukilielewa hili mengine yote yanakaa sawa. Moyo ukisukuma kidogo, damu inayofika kwenye figo inapungua. Figo hazijui kama moyo ndio mgonjwa. Zinadhani mwili umekauka, basi zinabana chumvi, na chumvi inabana maji. Maji hayo yanashuka miguuni mchana, na usiku mgonjwa akilala yanarudi juu, mapafu yanalemewa. Ndiyo sababu anaamka saa 8 usiku anatafuta dirisha.

Hatua ya 1: Msitoke wodini bila majibu manne

Kwanza, kila dawa inaitwaje, kazi yake nini, inanywewa saa ngapi. Pili, ana kilo ngapi leo akiwa maji yamekwisha. Tatu, je, amewekewa kikomo cha maji ya kunywa, na ni lita ngapi. Nne, anarudi lini. Yaandikeni. Nesi akiwa na haraka, msubirini. Ni haki yenu na wala si usumbufu.

Hatua ya 2: Mizani na daftari

Kama mna uwezo wa kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya mgonjwa huyu, nunueni mizani ya kupimia uzito. Nalisema hili kila siku na nitaendelea kulisema. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Mguu unaoonekana umevimba tayari umebeba lita kadhaa, lakini mizani inaona mapema, siku kadhaa kabla ya macho yenu.

Apimwe kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai, akiwa na nguo nyepesi ileile, kama ni kanga basi kanga ileile. Mizani ikae kwenye sakafu ngumu, isiwe juu ya mkeka. Andika tarehe na kilo. Ikipanda kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji. Hajanenepa. Pigeni simu kliniki au nendeni siku hiyohiyo, msingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Msiongeze vidonge kwa kukisia, isipokuwa daktari alishawaelekeza mfanye hivyo.

Mkikosa mizani, tumieni kidole gumba. Mbonyeze kwenye mfupa wa ugoko, hesabu mpaka 5, achia. Shimo likibaki, maji yapo. Kila jioni angalia shimo limepanda mpaka wapi: kwenye kifundo, katikati ya ugoko, au gotini. Uliza pia analalia mito mingapi. Aliyekuwa analalia mmoja akianza kutaka mitatu, amekwishakwambia hali yake.

Hatua ya 3: Dawa

Dawa ya maji, furosemaidi, ambayo wengi mnaijua kama Lasix, inywewe asubuhi. Kama ni mara mbili, ya pili isivuke saa 10 jioni, la sivyo mzee atakesha akienda chooni gizani na anaweza kuanguka.

Anayetumia digoksini, dawa ya kuupa moyo nguvu, ahesabiwe mapigo kabla ya kumeza. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, hesabu dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha, kwa sababu mapigo yake huenda hayana mpangilio. Mtu mzima yakiwa chini ya 60, dawa hiyo ingoje kwanza, mpigie mtaalamu. Kichefuchefu na kuona vitu vina rangi ya njano ni dalili kwamba imezidi mwilini.

Atenololi na karvediloli haziachwi ghafla hata siku moja. Enalaprili na kaptoprili huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichoisha. Mrudisheni abadilishiwe, msiache wenyewe, na mama mwenye mimba asizitumie kabisa. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, akitokwa damu puani au kwenye fizi bila kukoma, au choo kikiwa cheusi kama lami, hospitali mara moja.

Sasa lile ninaloomba mlikariri: dawa za maumivu. Mzee anaumwa magoti, mnamnunulia diklofenaki au ibuprofeni duka la dawa la jirani. Dawa hizo zinafanya figo zibane chumvi na maji, yaani zinavunja kazi yote ya dawa ya maji. Mgonjwa wa moyo apewe parasetamoli, na duka la dawa waambieni ana moyo kabla hamjataja kinachouma.

Hatua ya 4: Chungu

Hapa ndipo Dodoma tuna jambo letu. Mnaambiwa "punguza chumvi", mnapunguza kweli, kisha mlenda unapikwa na magadi. Magadi ni chumvichumvi ya sodiamu, na sodiamu ndiyo ile inayobana maji. Mgonjwa anakula ugali wa uwele na mlenda mchana na usiku, chumvi ya mezani hajaigusa, na miguu inavimba kila mtu akishangaa. Siwalaumu. Hakuna aliyewauliza mnapikaje.

Shirika la Afya Duniani linataka hata mtu mzima mwenye afya asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo ndani ya vyakula. Kwa hiyo toeni chungu cha mgonjwa pembeni kabla ya kutia chumvi. Tieni ndimu, vitunguu, tangawizi, nyanya, karanga zisizo na chumvi. Samaki wa ng'onda na dagaa waliokaushwa kwa chumvi mwondoleeni, na supu za mchuzi wa vidonge vya viungo pia. Ile chumvi mbadala inayouzwa kama "salama kwa presha" ina madini ya potasiamu, na kwa anayetumia enalaprili au spironolaktoni (nayo ni dawa ya maji) inaweza kupandisha potasiamu mwilini mpaka moyo ukasimama. Msiitumie bila kuuliza.

Hatua ya 5: Kulala, choo, ngozi

Mgongo wake uinuliwe nusu kukaa. Msiporundika mito, kiti kilichopinduliwa kikawekwa chini ya godoro upande wa kichwani kinatosha. Choo cha kuchuchumaa kinamchosha sana mtu asiye na pumzi. Kateni tundu kwenye kiti cha plastiki, wekeni ndoo chini yake, kiwe karibu na kitanda. Asijikamue. Papai na matembezi mafupi husaidia choo kuwa laini. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, na visigino vikaguliwe, maana ngozi iliyovimba huchunika kirahisi na hupona polepole.

Atembee. Mazoea ya kumlaza mgonjwa wa moyo siku nzima ndiyo yanayogandisha damu miguuni. Mpaka mlangoni leo, mpaka mti wa uani kesho. Akiweza kuongea huku anatembea, kasi ni sawa. Mguu mmoja tu ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, msiusugue wala kuukanda. Huenda kuna damu iliyoganda, nayo ikinyofoka inaenda kwenye mapafu. Apelekwe.

Hatua ya 6: Dalili za kumkimbiza hospitali

Kifua kinachobana kama kimekaliwa na gunia, maumivu yakienda begani au kwenye taya. Kuzimia. Midomo kuwa ya bluu. Makohozi ya povu lenye rangi ya waridi. Mdomo kwenda upande, mkono mmoja kulegea, ulimi kuwa mzito. Mkiwa mnatafuta usafiri, mkalisheni wima miguu ikining'inia, fungueni vifungo, fungueni madirisha. Asilazwe chali, asimiminiwe maji mdomoni. Daftari lenu na dawa zote ziende naye.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Mpwapwa: Shikamoo sista. Bibi mlenda bila magadi hali, anasema ni majani ya mbuzi. Tukitumia bekingi soda ya dukani badala yake?

Marahaba mjukuu. Bekingi soda nayo ni sodiamu, mtakuwa hamjabadilisha kitu. Chemsheni mlenda kwa muda mrefu zaidi moto mdogo, changanyeni bamia zilizokatwa ndogo, zinateleza zenyewe, kisha karanga zilizotwangwa na nyanya. Wiki hii tieni nusu ya magadi mliyozoea, wiki ijayo robo yake, halafu acheni. Ulimi wa mtu huzoea, baada ya wiki chache chakula cha zamani atakiona kikali. Na mumwambie sababu. Wazee wetu wanakubali wakielezwa, hawakubali wakinyang'anywa.

Mwanachama wa Hombolo: Sista, karatasi ya dawa ya presha ya mama inakataza tunda ambalo kwa Kiingereza jina lake linaanza kama zabibu. Sisi ni wakulima wa zabibu. Ameacha kuonja kabisa. Ni kweli?

Hapana mama asiteseke. Tunda linalokatazwa na baadhi ya dawa ni balungi, lile la jamii ya machungwa lenye uchungu. Majina ya Kiingereza yanafanana tu. Zabibu zenu ale, kiasi tu kama ana sukari. Ila kwa vile umeuliza matunda, niseme juu ya ubuyu: una potasiamu nyingi. Mgonjwa anayetumia spironolaktoni asinywe juisi ya ubuyu kila siku mpaka apimwe damu kuangalia figo na potasiamu.

Mwanachama wa Nkuhungu: Kliniki yetu ni Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar. Siku ya safari baba hanywi dawa ya maji, anaogopa kubanwa na mkojo njiani. Mara nyingine anaiacha na siku ya kurudi.

Aibu hiyo naielewa, mtu mzima kusimamisha basi zima ni mateso. Lakini siku mbili bila dawa ni lita nyingi. Muulize daktari wake kama anaweza kuisogeza siku ya safari, aimeze akifika, badala ya kuiacha. Treni ya umeme iliyoanza safari za Dar na Dodoma 2024 ina vyoo, kwa wagonjwa wetu hilo ni jambo kubwa. Tena ulizeni kama sehemu ya ufuatiliaji inaweza kufanyika Hospitali ya Benjamin Mkapa hapahapa Dodoma. Wapo wataalamu wa moyo, kipimo cha eko, ile picha ya moyo, kipo.

Mwanachama wa Bahi: Mzee wangu amewekewa lita moja na nusu kwa siku. Joto la Novemba unalijua. Analia kiu. Nimpe?

Jaza chupa ya lita moja na nusu asubuhi. Chai, uji na maji ya dawa vyote vihesabiwe humo: akinywa kikombe cha uji, punguza kikombe kwenye chupa. Apewe kidogokidogo kwa kikombe kidogo, asukutue na kutema, alambe kipande cha ndimu au barafu. Akae kivulini, mfutie mwili kwa kitambaa chenye maji. Lakini sikiliza: akiharisha, akitapika, au kilo zikishuka haraka na anapata kizunguzungu akisimama, hapo amekauka kweli. Piga simu siku hiyo, kikomo na dawa ya maji vinahitaji kuangaliwa upya.

Mwanachama wa Chamwino: Baba ana miezi minne hajavimba, presha iko sawa. Anasema amepona, dawa ameweka kabatini. Tumlazimishe?

Msimlazimishe, mwonyesheni. Kaeni naye na daftari la kilo, la kabla ya dawa na la sasa. Mwambieni hiyo nafuu anayoiona imeshikiliwa na vidonge hivyo. Na chunguzeni sababu yenyewe, huenda si ukaidi. Nimekutana na wengi walioacha kwa sababu hela ilikwisha wakaona haya kusema mbele ya watoto.

Mwanachama wa Kibaigwa: Sista naomba unijibu haraka. Mdogo wangu amejifungua wiki sita zilizopita. Miguu imevimba, anakohoa usiku, analala amekaa. Majirani wanasema ni uchovu wa uzazi na baridi, tumkande.

Acheni kukanda, nendeni leo. Moyo wa mama unaweza kuchoka mwezi wa mwisho wa mimba au miezi mitano ya mwanzo baada ya kujifungua, na ukiwahiwa wengi hupata nafuu kubwa. Bebeni na mtoto anyonye. Mkifika mapokezi msiseme "miguu inavimba", watawapanga foleni. Semeni: "Amejifungua wiki sita, hawezi kulala chali, anaamka usiku amekosa pumzi." Nipo macho, nijulishe mkifika.