Kukagua habari isikuletee kesi ya kashfa

Kazi hii naifanya kwa kalamu nyekundu, habari ikiwa bado mezani. Ikishatoka, ni kazi ya wakili.

1. Pigia mstari kila kauli inayomshushia mtu hadhi. Ulichokusudia hakina uzito. Mahakama hutazama alichoelewa msomaji wa kawaida. Kichwa cha habari na picha navyo vimo. Niliwahi kupitisha habari safi kabisa ya wizi wa dawa, kumbe picha iliyowekwa juu yake ilimwonyesha muuguzi asiyehusika. Tuliomba radhi.

2. Angalia nani anatambulika. Kuficha jina hakusaidii ukiandika "mhasibu wa shule hiyo" na mhasibu ni mmoja tu. Ukisema "mmoja wa wahasibu watatu", wote watatu wanaweza kukushtaki.

3. Kila mstari mwekundu uandikie ushahidi wake pembeni. Hapa ndipo wengi wetu tunakwama. "Inadaiwa" si kinga: ukirudia kashfa ya mwingine, umeisema wewe. Katika nchi nyingi mzigo wa kuthibitisha ukweli unabebwa na chombo cha habari. Marekani ni tofauti: tangu kesi ya New York Times dhidi ya Sullivan, mwaka 1964, ofisa wa umma ndiye athibitishe kuwa gazeti lilijua ni uongo, au halikujali kama ni uongo.

Basi badala ya "Mkurugenzi aliiba fedha za mradi", andika karatasi inachosema: "Ripoti ya ukaguzi inaonyesha fedha za mradi ziliingia akaunti ya mkurugenzi." Ripoti huna mkononi? Futa. Na yule anayekunong'oneza kwa simu, muulize kama yuko tayari kutoa ushahidi mahakamani. Wengi hukata simu.

4. Maoni yasimame juu ya ukweli uliotajwa. "Meya ni mzembe" peke yake ni hatari. Tanguliza vikao alivyokosa.

5. Mtafute anayetuhumiwa. Msomee tuhuma zenyewe, umpe muda wa kujibu. Simu ya usiku gazeti likiwa mtamboni haihesabiki. Nchini Uingereza, uamuzi wa kesi ya Reynolds wa 1999 ulitaja mambo kumi ya kupima uandishi wa kuwajibika, na kumwomba anayetuhumiwa maelezo ni mojawapo. Andika saa uliyopiga, na daftari ulitunze.

6. Barua ya wakili ikifika, usijibu kwa hasira wala usichane daftari. Ipeleke kwa mwanasheria siku hiyohiyo. Kama mmekosea, sahihisho lionekane vizuri, na lisirudie kashfa ileile kwa maneno mapya.